Weka Kidole Kwenye Mstari

Ndugu walimu wenzangu, wazazi mliofika, na ninyi wanangu mnaojiandaa kwa mtihani, asanteni kwa kunikaribisha. Mmeniomba nizungumzie maswali ya ufahamu. Nimeisahihisha sehemu hiyo kwa miaka mingi, na ndiyo inayoniuma kuliko nyingine zote. Kwenye sarufi mtu hukosa kwa kuwa hajui. Kwenye ufahamu mtu hukosa huku jibu liko mbele ya macho yake, limechapishwa, hakuna aliyemficha.

Sitaanza na kanuni. Nitawasomea kifungu kifupi nilichokitunga kwa ajili ya leo. Sikilizeni tu, msiandike kitu.

"Baba alikuwa ameketi kizingitini Salma alipotoka na sanduku lake. Hakumtazama. Alikuwa akifunga kamba za viatu ambavyo hakuwa na safari navyo. 'Umechukua koti?' aliuliza. 'Nimechukua, Baba.' 'Huko asubuhi kuna baridi.' 'Ndiyo, Baba. Uliniambia jana.' Salma alisimama kidogo, akafungua kinywa, kisha akameza neno. Honi ikalia barabarani mara ya pili. Baba akafungua kamba aliyokwisha kuifunga, akaanza kuifunga upya."

Swali: Baba alikuwa na hali gani moyoni? Thibitisha kwa kurejelea kifungu.

Nimeuliza maswali ya namna hii mara nyingi, na majibu huja kwa makundi. Wapo watakaosema Baba alikuwa na hasira, kwa sababu hakumtazama mwanawe. Wapo watakaosema alikuwa na furaha, kwa kuwa mwanawe anakwenda kusoma. Na wapo watakaojaza nusu ukurasa kuhusu wajibu wa wazazi katika malezi.

Hilo la mwisho linanisikitisha sana, maana aliyeliandika amefanya kazi kubwa. Ana sentensi ndefu, ana methali mbili, mwandiko wake ni safi. Lakini swali hakuligusa. Aliona neno "Baba" na neno "sanduku", akakumbuka insha aliyowahi kuandika, akaiandika tena. Macho yalipita juu ya kifungu, moyo ulikuwa kwingine.

Jibu la furaha limeingiza habari ambayo haimo. Kifungu hakisemi Salma anakwenda wapi. Huenda anakwenda shule, huenda anakwenda kazini, huenda anaolewa. Sanduku na honi vinatuambia kuna safari, na neno "huko" linatuambia kuna mahali pengine penye baridi asubuhi. Zaidi ya hapo mwandishi amenyamaza, na aliponyamaza yeye, nasi hatuna ruhusa ya kumsemea.

Jibu la hasira liko karibu zaidi. Angalau limeshika mstari: "Hakumtazama." Kosa lake ni kushika mstari mmoja na kuuacha mwingine. Tuijaribu hiyo hasira. Inaeleza kwa nini Baba hakutazama, sawa. Je, inaeleza kwa nini anauliza habari za koti? Inaeleza kwa nini anarudia leo jambo alilolisema jana? Inaeleza kamba iliyokwisha kufungwa, ikafunguliwa, ikaanza kufungwa upya? Hapo hasira inakwama. Sasa jaribuni huzuni, huzuni ya mtu anayeagana na mwanawe na hataki ionekane. Inaingia kwenye mistari yote minne bila kulazimishwa.

Jibu zuri basi ni fupi: "Baba alikuwa na huzuni ya kuachana na Salma, ila aliificha. Hakumtazama, alirudia maneno ya baridi aliyoyasema jana, na alifungua kamba aliyokwisha kuifunga akaanza upya." Sentensi mbili tu, na alama zote zimepatikana.

Darasani kwangu nina desturi moja. Mtu akijibu swali la ufahamu simwambii amepata wala amekosa. Namwuliza, "Kidole kiko wapi?" Naye huweka kidole kwenye mstari uliompa hilo jibu. Akiwa na mahali pa kukiweka, tunazungumza. Kidole kikibaki hewani, mwenyewe anaona kwamba jibu lilitoka kichwani mwake na kifungu hakikuhusika. Maswali mepesi, kama "Salma alitoka na nini?", yanataka kidole kimoja. Swali kama lile la Baba linataka vidole vitatu au vinne, kisha mtu ajiulize ni hali gani moja inayoviunganisha vyote. Hiyo ndiyo tofauti kati ya jibu la wazi na jibu la kudokezwa, na sijui njia ya kuifundisha iliyo rahisi kuliko hiyo.

Kabla sijaacha kifungu hiki, naomba tukae kidogo kwenye lile neno "Hakumtazama". Nani hakumtazama nani? Kiambishi a- cha lugha yetu hakibagui mwanamume na mwanamke, wala hakituambii ni yupi kati ya watu wawili waliokwisha kutajwa. Sentensi iliyotangulia ina Baba na ina Salma. Tunajua ni Baba kwa sababu sentensi inayofuata ina viatu, na viatu vinafungwa na yule aliyeketi. Mnaona kwamba ilitulazimu kusonga mbele ndipo tuelewe nyuma? Kwenye kifungu kirefu chenye wahusika watatu, wanafunzi wengi hupoteza uzi hapo hapo, wakampa mjomba maneno ya mpwa. Ninachowashauri ni hiki: chukua penseli, juu ya kitenzi chenye utata andika jina la mtendaji. Ni kazi ya sekunde mbili.

Kuna kitu kingine kidogo kinachoangusha watu wakubwa na wadogo. Sikilizeni sentensi hii: "Angalifika mapema, angalimkuta mgonjwa yu hai." Je, alifika mapema? Hakufika. Je, alimkuta hai? Hakumkuta hai. Kilio kizima cha hadithi kiko ndani ya -ngali-, na nimesoma majibu yasiyo na idadi yanayosema, "Alifika mapema akamkuta mgonjwa yu hai." Aliyejibu hivyo alisoma mizizi ya maneno akaruka viambishi. Katika Kiswahili huwezi kufanya hivyo, kwa sababu habari kubwa mara nyingi zimekaa katikati ya kitenzi: -nge-, -ngali-, -ki-, -ja-. "Hakula" na "hajala" ni habari mbili. Huyu wa pili bado anaweza kula.

Tena mtaulizwa maana ya "akameza neno" kama lilivyotumika katika kifungu. Mwanafunzi anaandika: kumeza ni kupitisha kitu kooni kwenda tumboni. Kamusi haitamkatalia, ila swali limesema "kama lilivyotumika". Kipimo cha maana ya muktadha ni kuchukua maana yako na kuirudisha kwenye sentensi ileile. "Salma akafungua kinywa, kisha akajizuia kusema alilotaka kusema." Sentensi inasimama na hadithi inaendelea. "Salma akafungua kinywa, kisha akapitisha neno tumboni." Sentensi imekufa. Fanyeni hivyo hivyo kwa maneno yenye maana nyingi, kama paa, kaa, panda na ua: usimwamini ndugu wa kwanza anayejitokeza, mrudishe kwenye sentensi uone kama anakaa.

Sasa tugeukie vifungu vya habari na maelezo, vile visivyo hadithi. Wapo wanaodhani hivi ni vyepesi kwa kuwa havina mafumbo. Mimi nadhani vina mitego yake, na iko mahali pengine. Katika hadithi unatafuta kilichofichwa kati ya mistari. Katika maelezo unalinda kilichosemwa kisiongezwe wala kisipunguzwe. Sikilizeni:

"Watu wengi huamini kwamba popo ni kipofu. Ni kweli kwamba spishi nyingi za popo hutoa sauti kali, husikiliza mwangwi wake, na kwa mwangwi huo hujua mdudu yuko wapi gizani. Hata hivyo, popo ana macho, naye huona. Baadhi ya popo wanaokula matunda hutegemea zaidi macho na pua kutafuta chakula."

Kwa mujibu wa kifungu, kauli ipi ni sahihi? A: Popo ni kipofu, ndiyo maana hutumia mwangwi. B: Popo wote hutafuta chakula kwa mwangwi. C: Popo ndiye mamalia pekee anayeruka kwa kupiga mabawa. D: Si kila popo hutegemea zaidi mwangwi kupata chakula.

A imekopa maneno ya sentensi ya kwanza, na anayependa kulinganisha maneno ataichagua papo hapo. Lakini sentensi ile haikuwa kauli ya mwandishi. Aliwanukuu "watu wengi" ili awapinge sentensi mbili baadaye. Waandishi wa makala hufanya hivi kila siku: hulitanguliza wazo wasilolikubali, kisha hulipindua. Ukisoma bila kujiuliza "nani anasema haya?", utamtwika mwandishi mzigo wa watu aliowapinga.

B imebadilisha neno moja tu. Kifungu kina "nyingi", jibu lina "wote". Neno hilo moja linatosha kuliua jibu. Kila mkiona wote, kamwe, daima, pekee au lazima kwenye jibu la kuchagua, rudini kwenye kifungu mkaone kama mwandishi alifika umbali huo. Mara nyingi alisema "baadhi", "huenda", "kwa kawaida".

C ndiyo inayowapata wanafunzi hodari, nami nawaonea huruma. Ni kweli tupu! Popo ndiye mamalia pekee anayeruka kwa kupiga mabawa, na aliyesoma baiolojia anajua. Ila kifungu hakikusema. Maneno "kwa mujibu wa kifungu" yanakuomba uwe shahidi wa maandishi haya tu, hata kama unajua mengi zaidi. D haina sentensi inayofanana nayo neno kwa neno, ndiyo maana wengi huiruka. Wekeni kidole kwenye "hutegemea zaidi macho na pua". Ndipo ilipo.

Na "hata hivyo"! Laiti ningekuwa na uwezo wa kuwapa kitu kimoja tu mwondoke nacho leo, ningewapa tabia ya kuzungushia duara viunganishi: hata hivyo, ilhali, licha ya, isipokuwa, kwa hiyo, ingawa. Kwenye makala, hivyo ndivyo viungo vya mwili. Mada iko kwenye majina, msimamo wa mwandishi uko kwenye viunganishi.

Mtaniuliza, je, yale ninayoyajua hayana faida basi? Yana faida kubwa mno. Mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani, Recht na Leslie, waliwapa wanafunzi 64 kifungu kuhusu mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo walikieleza na kukifupisha vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua. Kwa hiyo soma kila kitu mwaka mzima, magazeti, sayansi, historia, ushairi. Maarifa yanakusaidia kuona kilichoandikwa. Ila siku ya mtihani yasichukue nafasi ya kilichoandikwa.

Kuna utafiti mwingine ninaoupenda, wa Ellen Markman, wa mwaka 1979. Aliwapa watoto wa shule ya msingi vifungu vyenye kauli zinazopingana. Kimoja kilisema chini kabisa baharini hakuna mwanga hata kidogo, kisha kikasema samaki wa huko hukijua chakula chao kwa rangi. Rangi, penye giza totoro! Wengi wao hawakuona tatizo. Kila sentensi ilieleweka peke yake, wakadhani wameelewa kifungu. Ndiyo maana nawaambia wanangu wasiridhike na ule wepesi wa kusoma bila kukwama. Mwisho wa kila aya simama, jiambie kwa maneno yako imesema nini, na inakubaliana vipi na aya iliyopita. Ukishindwa kujiambia, hujaisoma bado.

Mnaniuliza kila mwaka: tusome maswali kwanza au kifungu kwanza? Nitawapa jibu langu, na walimu wengine mnaweza kutofautiana nami. Mwaka 1977 Pichert na Anderson waliwapa watu kifungu kuhusu wavulana wawili waliotoroka shule wakaenda kwenye nyumba ya mmoja wao. Baadhi waliambiwa wasome kama mwizi, wengine kama mnunuzi wa nyumba. Mwizi alikumbuka vitu vya thamani, mnunuzi akakumbuka paa linalovuja. Kifungu ni kilekile. Swali ulilolibeba huamua utaona nini, na pia huamua utapitwa na nini. Kwa hiyo kwenye hadithi au shairi, soma kifungu kwanza, chote, mpaka nukta ya mwisho, uache kikuguse. Maswali baadaye, kisha soma tena. Kwenye makala yenye takwimu na hoja, sioni ubaya kuyapitia maswali kwa haraka kwanza. Lakini katika hali zote mbili, anayesoma mara moja tu akaanza kuandika anajidhulumu.

Kuhusu maneno ya maswali sitakawia, walimu wenu wamewaambia. "Taja" inataka hoja tu. "Eleza" inataka hoja na sababu yake. "Linganisha" inataka pande zote mbili zionekane kwenye jibu. Alama zilizoandikwa pembeni ni barua kutoka kwa mtungaji: alama 4 na neno "taja" kwa kawaida ni hoja nne. Na "kwa maneno yako mwenyewe" maana yake ni hiyo hiyo. Kunakili mstari mzima kunaonyesha unajua jibu liko wapi, bado hakuonyeshi kwamba umelielewa.

Sasa naomba nizungumze na walimu wenzangu, na ninajumuisha nafsi yangu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mtafiti Dolores Durkin alikaa kwenye madarasa ya Marekani akipima muda. Katika zaidi ya dakika 4,400 za vipindi vya kusoma, aliona dakika 20 tu ambazo mwalimu alikuwa anafundisha namna ya kuelewa. Muda mwingine mwingi ulikwenda kwenye kuuliza maswali na kuangalia nani amepata. Niliposoma hilo nilinyamaza, kwa sababu nilijiona. Tunatoa kifungu, tunatoa maswali kumi, tunasahihisha, tunasema "someni kwa makini". Makini ni nini? Mtoto hajawahi kutuona tukisoma kwa makini. Hajatusikia tukisema kwa sauti, "Hapa sijaelewa, ngoja nirudi juu, kumbe huyu ni mjomba." Tumwonyeshe. Tusome mbele yake, tukwame mbele yake, turudi nyuma mbele yake.

Na miongozo yetu ya kusahihishia tuiogope kidogo. Mwaka fulani nilitoa kifungu cha hadithi chenye swali: Kwa nini mzee alicheka? Mwongozo wangu uliandika: kwa sababu alifurahi kuwaona wageni. Msichana mmoja akaandika kwamba mzee alicheka kwa aibu. Nikamkata. Siku ya kurudisha karatasi alikuja mezani baada ya wenzake kutoka, akasimama kimya, akaifungua karatasi. "Samahani, Mwalimu. Naomba unionyeshe." Akaweka kidole kwenye mstari: mzee alicheka huku mkono wake ukifunika mahali shati lilipochanika. Akashusha kidole mistari mitatu chini: mzee hakunyanyuka kuwasindikiza wageni mpaka walipokuwa wamempa mgongo.

Nilikisoma kile kifungu tena palepale, yeye akiwa amesimama. Nilikuwa nimekichagua mimi, nikakitungia maswali mimi, nikasahihisha kwacho karatasi za darasa zima, na shati sikuliona. Nilimrudishia alama zake, na usiku ule nilizipitia karatasi zote upya. Wenzake watatu walikuwa wameliona shati, nami nilikuwa nimewakata wote.

Kwenye viti vyenu mtakuta karatasi yenye vifungu viwili, kimoja cha hadithi, kimoja cha maelezo. Maswali yako nyuma ya karatasi, msiigeuze bado. Naomba kalamu ziwekwe chini. Tusome cha kwanza, kimya, kila mtu kwa mwendo wake, mpaka nukta ya mwisho.